Salama Kutoka Dungu

Tone la kwanza la asubuhi hiyo lilidondoka ukutani wakati watoto wa shule ya msingi walikuwa bado wanavua mabuti yao ya mvua mlangoni. Lilikuwa dogo, la samawati, na lilitoa sauti kama punje ya mchele inayoangukia sahani. Watoto wakageuka wote kwa pamoja. Likadondoka la pili, chini kidogo ya lile la kwanza, kisha ukuta ukatulia kwa muda mrefu hata mmoja wao akauliza kama umeharibika.

"Haujaharibika," alisema Dokta Melania Tweve. "Ndivyo yanavyokuja. Moja moja, kama wageni wasiopendana."

Ukumbi wa Matone ulikuwa fahari ya jiji la Matamba. Miaka hiyo Matamba haukuwa tena mji mdogo wa viazi na pareto. Roboti zilivuna viazi kwenye miteremko ya Kitulo, magari ya kamba yalipita juu ya ukungu yakiwapeleka watu viwandani, na nyuma ya Kituo cha Anga zilisimama antena tatu nyeupe zilizotazama juu mchana na usiku. Baridi tu ndiyo iliyobaki ile ile ya zamani, na wastaafu wengi walikuja ukumbini kwa ajili ya hita kuliko kwa ajili ya nyota. Melania hakuwalaumu. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na kitu, na magoti yake nayo yalianza kuipenda hita.

Kila tone lilikuwa chembe moja ya mwonzi eksi, ndugu wa ile eksirei ya hospitali inayoonyesha mifupa. Chembe hizo zilitoka kwenye galaksi mbili zilizo mbali mno. Zilianza safari kabla mnyama yeyote hajakanyaga nchi kavu ya Dunia. Hewa yetu huzuia mionzi hiyo isifike chini, na ni bahati yetu kwamba huizuia, kwa hiyo darubini ya kuidaka ilibidi iwekwe nje kabisa, mara nne umbali wa Mwezi. Waliiita Chekeche. Kila ilichokidaka kilishushwa Matamba, na ukuta ukakigeuza kuwa tone la mwanga. Matone yakirundikana kwa majuma, picha hujichora yenyewe.

"Sasa Dokta," mwalimu wa wale watoto aliuliza, "kwa nini nyota zitoe eksirei? Huko nako kuna waliovunjika?"

Watoto wakacheka. Melania naye alitabasamu, maana swali hilo alilipenda.

"Kuna waliokufa," alisema. "Galaksi ni mji wa nyota. Miji miwili ikipita karibu mno, kila mmoja huuvuta mwenzake. Gesi iliyokuwa imelala hujibana, na nyota huanza kuzaliwa kwa fujo, nyingi kuliko mji unavyoweza kuzilisha. Zile kubwa huishi kwa pupa na kufa mapema. Nyota kubwa ikifa huacha mzoga mdogo, mzito ajabu. Kama ilikuwa na mwenzake, mzoga huo huanza kumnyonya yule aliye hai. Gesi inayonyonywa huzunguka na kuchemka mpaka joto lake linapita mamilioni ya digrii, na hapo ndipo hutoa mionzi eksi. Kwa hiyo mkiona tone, mjue mara nyingi kuna aliye hai anayenyonywa na aliyekufa."

Mwalimu alikohoa, akasema muda wa chai umefika.

Melania hakuwaeleza habari ya upepo, ambayo ndiyo ilikuwa kazi ya maisha yake. Nyota zinazolipuka huipasha joto gesi iliyobaki mpaka inatoka nje ya galaksi kama mvuke unaosukuma kifuniko cha sufuria. Hakuna aliyejua kwa hakika kama upepo huo huenda moja kwa moja au hupoa na kurudi. Ukirudi, galaksi itazaa tena. Usiporudi, itazimika taratibu, ikiwa imepoteza chakula cha watoto wake wa baadaye. Melania aliziita galaksi zile mbili Wake Wenza tangu alipokuwa chuoni, mwaka ambao baba yake alimleta nyumbani mke wa pili. Baba aliposikia jina hilo alicheka mpaka akapaliwa. Mama hakucheka.

Yule mke wa pili, mama mdogo, alifariki mapema na kumwacha mtoto wa kiume, Yoramu. Melania ndiye aliyemlea. Alimwosha, akamfundisha hesabu, akampeleka shule ya ufundi kwa mshahara wake. Na sasa Yoramu ndiye aliyekuwa huko juu, peke yake, kwenye Dungu.

Dungu lilikuwa chumba cha mlinzi kilichofungwa ubavuni mwa Chekeche, na jina lake lilitokana na lile dungu la shambani ambalo mtu hukaa juu yake kufukuza ndege. Zamani walipeleka roboti. Lakini mota za roboti, hata ziwe laini vipi, ziliitetemesha darubini, na vioo vyake havikuvumilia hata mtetemo mdogo kuliko wa mbawa za mbu. Mtu anayeelea, mwenye mikono ya nyama na subira, alivisumbua vioo kidogo zaidi. Basi wakarudi kwa mtu. Yoramu alipochaguliwa, mtaa mzima ulichinja mbuzi.

Shida ya Chekeche ilikuwa makapi. Jua humwaga protoni kila upande, na protoni ikiigonga kamera huacha alama inayofanana na mwonzi eksi. Akili unde ya Kituo iliweza kuyatambua makapi mengi, ikayapaka rangi ya kijivu ukutani ili yasihesabiwe. Lakini mengine yaliponyoka, na upepo wa Wake Wenza ulikuwa hafifu kiasi kwamba makapi kidogo tu yaliufunika wote. Ili kuuona, Chekeche ilipaswa kuzitazama galaksi hizo kwa majuma mengi bila kugeuka. Kazi hiyo waliiita mkodoo. Ili mkodoo usikatishwe, antena ya Dungu nayo haikuruhusiwa kugeuka, na njia nyembamba iliyobaki ya mawasiliano ililazimika kubeba chembe kwanza na maneno baadaye.

Ndiyo sababu alibuniwa Mfupishaji. Alikuwa akili unde ndogo iliyokaa Dungu kwenyewe. Yoramu aliongea, Mfupishaji akasikiliza, akatuma chini kiini tu cha maneno yake. Alipoulizwa hali, Mfupishaji alituma jibu la hali, basi. Siku ya kumwidhinisha, Melania alitia saini huku akitania wenzake: "Yoramu anaongea kama redio. Mkimfupisha mtakuwa mmetusaidia ukoo mzima."

Mkodoo ulipoanza, makapi yalikuwa mengi kuliko walivyokadiria. Melania alilala vibaya, akala vibaya, mwisho akampelekea mdogo wake ujumbe: "Makapi yanatumaliza. Tafuta namna." Siku chache baadaye matone ya kijivu yakapungua kwa namna ambayo hakuna aliyeitegemea. Kutoka Dungu ulikuja mstari mmoja: "Yoramu: salama." Melania aliruka kwa furaha ofisini kama msichana. Akatuma jibu hapo hapo: "Hongera mdogo wangu. Makapi yamepungua. Endelea hivyo hivyo."

Kisha Jua likachafuka.

Matamba nzima ilijua. Magari ya kamba yalisimamishwa, roboti za viazi zikaganda mashambani zikiwa zimeinama, simu zikawa zinakwaruza. Kituo kilipeleka onyo Dungu kama kanuni zilivyotaka, na likarudi jibu lile lile: "Yoramu: salama." Watu walifurika ukumbini kutazama, kwa sababu katika dhoruba zilizopita ukuta uligeuka kijivu wote, mvua ya makapi ikinyesha kuanzia dari hadi sakafu, na watoto waliipenda sana.

Safari hii mvua haikunyesha. Yalidondoka matone machache ya kijivu, tena kwa uvivu, na kati yake yale ya samawati yaliendelea kujipanga kama kawaida. Mtu mmoja akaanza kupiga makofi, na ukumbi ukamfuata.

"Dokta, umelishinda Jua!" alisema Mkurugenzi Mahenge, mwanamume mnene mwenye kofia ya sufu ambayo hakuivua hata kwenye mikutano na mawaziri. Akamkumbatia mbele ya watu.

Melania alirudi ofisini akafungua picha. Pembeni mwa Wake Wenza, nje ya mahali ambapo nyota ziliishia, kulikuwa na utando mwembamba sana wa samawati, kama pumzi kwenye kioo. Ulikuwa upepo. Alikaa akiutazama huku machozi yakimtoka. Swali moja lilimjia, kwamba makapi ya dhoruba kubwa namna ile yamekwenda wapi, na alilisikia vizuri kabisa. Akaliacha lipite. Alikuwa amengoja tangu ujana, na hakutaka mtu yeyote, hata yeye mwenyewe, amharibie siku.

Asubuhi iliyofuata alikuja Editruda, mke wa Yoramu. Alikuwa na kitalu cha miche ya matufaa upande wa juu wa jiji, na alikuja na kikapu cha matufaa kama alivyozoea. Melania alimpokea ukumbini, wakakaa kwenye benchi karibu na hita.

"Shikamoo wifi."

"Marahaba. Karibu, sogea huku kwenye joto. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Ila huyu mdogo kikohozi kimemrudia."

"Mpe ile dawa ya mwaka jana, usingoje mpaka kifua kibane."

"Nimempa." Editruda alikiweka kikapu sakafuni, akaanza kuikung'uta sketi yake ambayo haikuwa na vumbi. "Wifi, nimekuja kwa jambo dogo tu. Usinicheke."

"Nikucheke nini?"

Editruda akanyoosha mkono na kugusa bangili yake ya mawasiliano. Juu yake ulitokea msururu wa mistari midogo ya mwanga. "Hizi ndizo salamu za mume wangu tangu mkodoo wenu uanze. Soma. Salama. Salama. Salama. Ya jana, salama. Ya leo asubuhi, salama."

"Si vizuri? Njia ni nyembamba, Editruda. Tuliwaeleza tangu mwanzo."

"Mlitueleza. Mimi sigombani na njia. Lakini wewe ndiye uliyemlea. Umewahi kumsikia Yoramu anasema salama, halafu ananyamaza?"

Melania aliisoma tena ile mistari ya mwanga.

"Siku ile alipojimwagia maji ya moto," Editruda aliendelea, "alinisimulia mwenyewe. Alikuja mlangoni kwako. Ukamuuliza kuna nini. Alikwambiaje?"

Melania alimwona palepale. Mtoto mwembamba amesimama kwenye kizingiti, suruali imeshikana na ngozi, anatetemeka. Shikamoo dada. Salama tu, ila nimeungua kidogo. Ngozi ya paja ilikuwa imebanduka yote.

"Mtu akisema salama anafungua mlango tu," alisema Editruda. "Habari yenyewe inaingia baadaye. Hata mimi hapa nimekwambia watoto hawajambo, kumbe mmoja anaumwa. Hiyo mashine yenu inafunga mlango mgeni hajaingia."

Ukutani likadondoka tone moja la samawati. Melania alilitazama likitulia mahali pake. Mafundi waliomfundisha Mfupishaji walikuwa vijana wa Matamba hii hii. Kila asubuhi walikutana kwenye kahawa, mmoja akauliza habari za nyumbani, mwenzake akajibu nzuri tu, ila bibi amelazwa. Nzuri tu, ila paa limeezuliwa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kujisikia anavyosalimia. Walipokaa kumwambia Mfupishaji jibu la hali ni lipi, walimwonyesha neno la kwanza, na wakaona wamemaliza. Naye Melania alitia saini.

Hapo lile swali aliloliacha lipite likarudi, safari hii likiwa na jibu lake. Kwenye Dungu lote kulikuwa na kitu kimoja tu kinachoweza kuzizuia protoni za dhoruba. Kilikuwa maji. Maji hayo yalijaa kwenye mifuko iliyozunguka chumba cha dhoruba, mahali ambapo Yoramu alitakiwa kujificha Jua likichafuka.

Alisimama kwa haraka hata kikapu kikapinduka, na matufaa yakabingirika mpaka miguuni mwa wastaafu.

Chumba cha usimamizi kilikuwa ngazi moja juu ya ukumbi. Mkurugenzi Mahenge alimsikiliza Melania hadi mwisho bila kumkatiza, akiwa ameshika kikombe cha chai ambacho hakukinywa. Editruda alisimama mlangoni. Hakuna aliyemfukuza.

"Maneno yake yote yapo," alisema Melania. "Mfupishaji hafuti, anayahifadhi huko huko. Nataka tugeuze antena tuyashushe, na nataka niongee naye."

"Tukigeuza antena mkodoo umekwisha, unajua."

"Najua."

"Na Wake Wenza wanaingia nyuma ya Jua hivi karibuni. Hatutawaona tena mpaka mwakani, kama mwakani tutapewa zamu. Dokta, hii ni kazi yako. Umebakiza siku chache tu. Jibu la upepo litakuwa nusu."

"Litakuwa nusu."

"Na kama hajambo kweli?"

"Basi nitakuwa mjinga, na mdogo wangu atanicheka mpaka nizeeke," alisema Melania. "Naomba sana nichekwe, Mkurugenzi."

Mahenge aliweka kikombe chini. Alivua kofia yake ya sufu, jambo ambalo vijana wa chumba kile walikuwa hawajawahi kuliona, akampisha Melania kwenye kiti. Melania akagusa amri ya kukatisha. Chini, ukumbini, matone yakakoma.

Maneno ya Yoramu yalianza kushuka yakiwa sauti kamili, na chumba kizima kilisikia.

"Shikamoo dada. Huku salama. Ila nimeona unavyosumbuka na makapi, nikawa nawaza. Nimetoa mifuko ya maji ya chumba cha dhoruba, nimeizungushia kamera. Imekaa kama mtoto aliyebebwa mgongoni, ungeiona ungecheka. Sasa dada, Jua likianza kuchafuka nitahitaji siku nzima kuirudisha, maana niko peke yangu na mifuko ni mikubwa. Na nikiirudisha, makapi yatarudi vile vile. Naomba uniambie wewe, niirudishe au niiache?"

Kando ya ujumbe huo, kwenye skrini, lilionekana jibu lililopanda kutoka Matamba baada yake. Melania alilijua kabla ya kulisoma. Hongera mdogo wangu. Makapi yamepungua. Endelea hivyo hivyo.

"Mungu wangu," alisema. "Mungu wangu, nilimjibu."

Sauti ya pili ilikuwa ya uchangamfu, lakini yenye haraka. "Shikamoo dada. Huku salama. Nimepata neno lako, basi nimeiacha. Ila leo limefika onyo la dhoruba, na kwa vipimo vya hapa naona itakuwa kubwa. Nakuuliza tena, usinione msumbufu. Kama ni kurudisha inabidi nianze sasa hivi."

Baada yake hapakuwa na jibu lolote kutoka Matamba. Hapakuwa na swali lililofika.

"Dada, salama. Ila sijasikia kitu. Najua mna kazi nyingi, na wewe ulishasema niendelee, siwezi kubomoa kazi yako kiholela bila ruhusa. Nimejibanza nyuma ya matangi ya hewa. Si pabaya sana. Usiku nikifumba macho naona cheche, zinapita ndani ya jicho lenyewe. Sijui nazo ni makapi."

Sauti ya mwisho ilikuwa ya asubuhi ile ile, na ilikuwa imebadilika, imekauka. "Salama. Ila nimetapika sana, dada. Fizi zinatoa damu. Mwambie Editruda asianze kulima lile shamba la juu peke yake, roboti ile ina breki mbovu."

Editruda hakulia. Alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili, akaishika kama anaogopa nyumba itaondoka. Aliyelia ni Melania, kwa sauti, mbele ya vijana aliozoea kuwakaripia.

Daktari wa Kituo aliitwa. Alisoma vipimo vya mionzi vilivyoshuka kutoka kwenye bangili ya Yoramu, akavisoma upya, kisha akauliza chombo cha kumfuata kingechukua muda gani. Mahenge akamwambia, kikiondoka leo hii, majuma matano. Daktari aliinamisha kichwa. Akaeleza polepole kwamba mionzi imeua uboho wa mifupa, kwamba damu mpya haitengenezwi tena, na kwamba hali kama hiyo haingoji majuma matano. Aliomba chombo kiondoke hata hivyo. Mahenge alikuwa ameshatoa amri.

"Njia iko wazi, Dokta," alisema kijana mmoja wa mitambo. "Anakusikia."

Sauti huchukua sekunde tano kufika Dungu, na tano kurudi. Melania alifuta uso kwa kiganja.

"Yoramu. Ni mimi. Ongea unavyotaka, hakuna anayekukata."

Walingoja.

"Dada? Shikamoo."

"Marahaba mdogo wangu."

"Mmekatisha mkodoo? Kwa nini tena jamani? Makapi si yalikuwa yameisha?"

"Yalikuwa yameisha. Yoramu, nisikilize. Maswali yako hayakunifikia. Mashine ilikuwa inayakata, inaniletea salama peke yake. Lile neno langu la endelea halikuwa jibu lako. Sikujua umeniuliza swali. Ningekwambia urudishe maji siku ile ile. Ningekwambia uache kila kitu."

Sekunde tano zikapita, na tano nyingine, na nyingine zaidi ambazo hazikuwa za umbali.

"Aa," alisema Yoramu. "Nikashangaa mbona dada siku hizi anajibu mkato hivyo."

"Nisamehe."

"Usiseme hivyo dada. Wewe hukujua." Alipumua kidogo. "Na upepo je? Mmeuona?"

"Tumeuona. Ni kwa sababu yako tu tumeuona."

"Unarudi au haurudi?"

Melania angeweza kumwambia kwamba kazi imebaki nusu na jibu halijapatikana, na usingekuwa uongo. Lakini alikuwa ameukodolea macho utando ule usiku na mchana, na mdogo wake alikuwa ameulipia kuliko mtu yeyote.

"Hauonekani kurudi," alisema. "Unakwenda moja kwa moja."

"Ulisema hivyo tangu ukiwa chuoni. Baba akabisha." Alijaribu kucheka, ikawa kikohozi, kikachukua muda kuisha. "Editruda yupo?"

Melania alitoka kitini. Editruda alikaa, akajifunga kitenge vizuri kiunoni kana kwamba anaonekana, akaisogelea spika.

"Baba Tumaini."

"Mama Tumaini. Hujambo?"

"Mimi sijambo. Ila Tumaini anakohoa, nimempa dawa." Akajikaza. "Na wewe, hali yako? Nieleze yote. Sasa hivi hawakukati."

Vijana wa mitambo walitazama meza zao. Mahenge alikuwa anaikunja kofia yake mkononi na kuikunjua. Sekunde za kwenda zikapita, kisha za kurudi.

"Salama, mke wangu," alisema Yoramu. "Huku ni salama tu."

Editruda aliinua mkono kumnyamazisha kila mtu, ingawa hakuna aliyekuwa akisema, akasogeza sikio mpaka likagusa spika. Melania aliinama kando yake. Walingoja wote wawili neno linalofuata, kama walivyomzoea. Kutoka Dungu ilisikika feni ya hewa ikizunguka, na pumzi za mtu zikipanda na kushuka, na hakusema kitu kingine.